Ati ukarani wa ubongo?

Najua nimeadimika. Mitihani ya katikati ya muhula imepita, theluji haijapita, na ripoti mbili bado zinanisubiri. Ila leo nina dukuduku na nisipolitoa nitalala nalo.

Jumapili nilimpigia baba mdogo, yuko Dar. Nikampa habari njema: nimepata kazi ya kuanza nikishahitimu mwezi wa tano, mratibu wa utafiti kwenye maabara inayochunguza jinsi ubongo unavyofikiri na kukumbuka, humu humu chuoni ninapofanya kibarua tangu mwaka wa pili. Kimya. Halafu: "Mratibu ndo nani, mwanangu? Daktari?" Hapana, baba. "Mhadhiri?" Hapana. Nikaanza kueleza: natafuta watu wa kupimwa, nawapigia simu, nawapangia saa, nawapokea mlangoni, nawasomesha fomu, nawavalisha kofia, nawalipa, nawasindikiza. "Yaani miaka minne yote Marekani, ukawe karani?"

Nilibaki nacheka cheka kama zuzu. Jibu limenijia leo, tena nikiwa naosha kofia.

Nawapa picha kwanza. Kofia yenyewe ni ya EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Hans Berger, daktari Mjerumani, ndiye aliyeurekodi kwa mara ya kwanza kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924 pale Jena. Umeme wenyewe ni wa kuhesabiwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni moja za volti. Mtu akipepesa jicho au akiuma meno, wimbi la jicho au la misuli linaumeza wa ubongo wote. Ndo maana unachukua utepe kama wa fundi cherehani, unapima toka mzizi wa pua hadi kile kinundu cha kisogoni, unaiweka kofia sawasawa, halafu kwenye kila kitundu unatia jeli mpaka elektrodi ipatane na ngozi ya kichwa. Zetu ni 64. Kama hujawahi kumpaka mtu usiyemjua jeli sehemu 64 za kichwa huku ukimuuliza habari za masomo, hujui ukarani.

Kuna na mashine ya MRI. Sumaku yake ni tesla 3, nguvu mara makumi elfu ya ile ya dunia, na haizimwi usiku wala sikukuu. Mwaka 2001, jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya kugongwa, akiwa ndani ya mashine ya namna hiyo, na mtungi wa oksijeni wa chuma ulioingizwa chumbani na kuvutwa na sumaku. Sasa nani anayemuuliza kila mtu kama ana kifaa cha moyo, kipande cha chuma mwilini, hereni, kibanio? Profesa muda huo yuko ofisini anaandika maombi ya fedha. Anayeuliza ni karani.

Fomu ya ridhaa nayo watu wanaiona karatasi tu. Kule Tuskegee, Alabama, toka 1932 mpaka 1972, wanaume weusi mia kadhaa wenye kaswende waliangaliwa tu ugonjwa ukiwala, hawakuambiwa ukweli, na hata penisilini ilipokuwa dawa inayojulikana hawakupewa. Yalipofichuka ndipo ikaja sheria ya mwaka 1974 na kamati za maadili tunazozijua leo. Nikimsomea mtu mstari wa "unaweza kuacha wakati wowote", lazima aamini kwamba nikimwona kachoka nitamwachia kweli, hata kama tumebakiza dakika kumi na data ni tamu.

Hayo yote ningeweza kumwambia baba mdogo na bado asinielewe. Kilichonishika mimi ni nywele.

Mwaka jana mwezi wa kumi alikuja dada mmoja, Mmarekani mweusi, mwanafunzi mwenzetu. Kajaza maswali yote kwa simu vizuri, kaja kabla ya saa yake. Kavua kofia ya baridi, kichwani rasta mpya kabisa, ndogo ndogo, zimekaza. Mratibu wetu aliniita pembeni akasema elektrodi hazitafika kwenye ngozi, nimwambie kwa upole. Nikamwambia kwa upole. Hakugomba. Aliniangalia kichwani (nilikuwa nimesuka twende kilioni, aliyenisuka ni dada mmoja wa Moshi anayekaa mtaa wa pili) akaniuliza: "Wewe je, walishawahi kukupima?"

Mwaka mzima nawapima watu, sijawahi kupimwa. Sikuwahi hata kujiuliza.

Alipoondoka nilifungua jedwali letu kwenye kompyuta, safu ya "sababu ya kutoshiriki", nikaandika: nywele. Halafu nikapandisha juu. Nywele. Nywele. Mkono wa shoto. Nywele. Hapo bado hatujawahesabu wale ambao hawakuja kabisa, maana tangazo letu lenyewe lilisema uje na nywele zilizofumuliwa na kuoshwa. Jamani, nani atafumua rasta za masaa sita aje kulipwa dola 20? Makala ikitoka itaandika tumepima watu 40 wenye afya njema. Nani alirudishwa mlangoni, hakuna atakayejua. Profesa mwenyewe hakuwa anajua, nilimuuliza. Si mtu mbaya. Jedwali halifungui, basi.

Mwaka 2010 Henrich, Heine na Norenzayan waliandika makala iliyotikisa fani hii: asilimia 96 ya watu waliochunguzwa kwenye tafiti za saikolojia zilizokuwa zimehesabiwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Darasani tuliisoma tukatikisa vichwa, tukafikiria mambo makubwa ya mabara na fedha. Kumbe kichujio kingine kiko mlangoni kwetu, na anayekishika ni sisi wa kibarua cha kulipwa kwa saa.

Na dawa ipo! Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kama mimi na wewe, pale Carnegie Mellon, alibuni na wenzake elektrodi za kubana chini ya nywele zilizosukwa mistari. Waliitangaza kazi hiyo mwaka 2020 na wakaziita Sevo, yaani ubongo kwa Krioli ya Haiti. Siri yake hata bibi yangu angeielewa: usipigane na msuko, suka ili njia za katikati zipite pale pale unapotaka kupima.

Sisi Sevo hatuna. Ila mwezi wa kwanza nilimwomba mratibu, Ijumaa moja isiyo na watu, tujaribu kwangu. Nilikwenda kwa dada wa Moshi na mchoro wa kichwa wenye nukta. Akaniuliza kama nimejiunga na waganga. Akasuka. Kwenye maabara tulihangaika masaa mawili na nusu. Mbele na juu zilisoma safi, kisogoni elektrodi saba zilikuwa kelele tupu, hazifai. Lakini wimbi langu nililiona. Nilipofumba macho yale mawimbi ya alfa yakapanda kwenye skrini, kama ya mtu mwingine yeyote. Nikajikuta machozi yananilenga, mratibu akaniambia nisilie, naharibu data. Hahaha.

Sasa yeye anaondoka mwezi wa tano kwenda kusoma shahada ya uzamivu, kiti ndo hicho napewa mimi. Mshahara si wa kujisifia. Jina lako kwenye makala linaweza kuwa la mwisho, au mkashukuriwa kwa herufi ndogo. Barua pepe za saa tano usiku zipo. Mwenzangu mmoja hapa bwenini ananishauri niruke moja kwa moja kwenye uzamivu, "usipoteze miaka miwili kuita watu majina." Namheshimu, lakini kwenye hilo namkatalia. Nikiruka nitakuwa mtafiti mwingine anayepokea jedwali likiwa limeshachujwa. Hapa nilipo naandika tangazo mimi, napanga masaa mimi, naweza kuomba nafasi ya masaa matatu kwa mwenye rasta badala ya moja na nusu, na profesa ameshakubali hilo, kwa maandishi. Kamati ya maadili wanataka tubadilishe maneno kwenye fomu kwanza. Ninayabadilisha mimi.

Baba mdogo nitampigia tena Jumapili. Akisema karani nitamwambia ndiyo, baba.

Yule dada aliweka tiki kwenye kisanduku cha "mnaweza kuniita tena". Fomu mpya ikipita, simu ya kwanza ni yake. Haya, ngoja niwahi msosi, saa mbili wanafunga.