Waraka wa wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya kuhusu tiba ya mbali kwa wenye usonji

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu huduma iliyozaliwa kwa dharura wakati wa korona, nasi hatutaki iachwe ife.

Machi 2020, shule zilipofungwa na kafyu ya saa moja jioni ikaanza, wenye usonji walinyang'anywa ghafla ratiba inayowatuliza: gari la shule, mwalimu yuleyule, chumba kilekile cha tiba. Washauri nasaha na wanasaikolojia wakahamia kwenye simu na video. Wapo waliopata nafuu. Anayeumizwa na kelele za matatu hakuhitaji tena kuvuka jiji ndipo aeleze hofu zake. Asiyestahimili kutazamwa usoni alizima kamera. Ambaye maneno humjia kwa taabu aliandika, akasoma jibu polepole, akajibu alipokuwa tayari. Wengine haikuwafaa hata kidogo: mtoto asiyezungumza hasaidiki kwa simu mpaka mzazi wake aelekezwe kwanza.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeshaitambua huduma ya mbali. Tunaomba miongozo ya wizara yako itamke kwamba kikao cha maandishi ni kikao halali cha tiba. Ieleze pia siri ya mteja italindwaje pale familia nzima inapoishi chumba kimoja. Je, utafanya hivyo?

Malipo nayo yanatusumbua. Je, Mamlaka ya Afya ya Jamii italipia kikao cha simu sawa na cha ana kwa ana? Na mzazi asiye na bando afanyeje?

Lakini linalotuuma zaidi ni hili. Kuna vijana wenye usonji ambao kutembea ndiko kunakowatuliza. Wakati wa kafyu, kijana wa namna hiyo angeweza kukutana na polisi barabarani akashindwa kujieleza, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa ukaidi. Nchini Uingereza, Aprili 2020, mwongozo wa serikali ulirekebishwa ili wenye usonji wanaohitaji kutoka nje zaidi ya mara moja kwa siku waruhusiwe. Tunaomba mpango wako wa mlipuko ujao uwe na ruhusa kama hiyo, polisi waijue mapema, na watoa tiba wahesabiwe miongoni mwa watoa huduma muhimu.

Tunasubiri jibu lako, Mheshimiwa. Tutalichapisha lote kama utakavyoliandika.

Wako kwa heshima,
Mhariri