Muombee Mtoto, Kisha Mpeleke

Leo naongea na mzazi mmoja hapa Kangemi, au Uthiru, au kule Kawangware. Mtoto wako ana miaka minne na haongei. Ukimwita hageuki. Anaweza kuzungusha kifuniko cha chupa kutoka asubuhi hadi jioni, na akikasirika anajiuma mkono. Umempeleka kesha tatu. Umeambiwa ni pepo, umeambiwa ni laana ya ukoo wa baba yake, na kuna mahali uliambiwa upande mbegu kwanza ndipo ulimi ufunguliwe.

Mtumishi mwenzangu akikasirika tutaongea, lakini wacha niseme wazi: usonji si pepo. Ni ubongo uliokua kwa njia tofauti tangu mapema. Wanafunzi walipomwona yule kipofu wa Yohana 9, walitaka kujua ni nani alikosa, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Sisi tumeyarudisha madhabahuni.

Sasa fungua Marko 8, kipofu wa Bethsaida. Yesu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji. Alipomgusa mara ya kwanza, mtu yule aliona watu kama miti inayotembea. Akamgusa tena. Ikiwa Bwana hakuona haya kugusa mara mbili, kwa nini tunadhani mtoto anayejifunza kushika kikombe mwezi huu, na kuomba maji mwezi ujao, amekosa muujiza?

Matibabu ya tabia huenda hivyo, hatua ndogo ndogo. Mtaalamu hamkemei mtoto. Anaangalia ni nini kilitokea kabla ya kilio, na mtoto alipata nini baada yake. Labda anajiuma kwa sababu ana kiu na hana neno la kusema. Basi anafundishwa kukuletea kikombe, au kuonyesha picha ya maji. Akifanya hivyo anapewa maji papo hapo, na anasifiwa. Mwanzoni unamshika mkono, baadaye unamwachia. Hata kunawa hugawanywa: kufungua mfereji, kulowesha mikono, sabuni, kusugua. Akiweza moja ndipo mnaongeza nyingine.

Na wakati mwingine kinachomsumbua ni sisi. Kanisa la mabati, spika nne, ngoma, halafu mtoto ambaye kila sauti inamchoma masikioni. Akipiga mayowe, hilo si pepo linalokataa sifa. Mkalishe karibu na mlango, nasi tupunguze sauti. (Vijana wa mitambo wamenisikia, ingawa hawajafurahi.)

Lakini usimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote tu. Miaka ya 1960, kule California, Ivar Lovaas, mmoja wa walioanzisha njia hizi, alitumia makofi na hata umeme kuadhibu watoto. Watu wazima wenye usonji bado wanalalamika kwamba wengine wao walifunzwa kujificha tu ili wafanane na wenzao. Kwa hivyo uliza maswali. Omba kukaa ndani ya chumba. Anayepiga, au anayekuficha anachofanya, mchukue mtoto wako urudi nyumbani. Tunataka mtoto aweze kuomba chakula, kwenda choo na kusimama usiku wa Waiyaki Way asikimbilie magari. Kupunga mikono akifurahi hakumdhuru mtu.

Najua utaniuliza, "Pasta, na pesa?" Ni kweli, saa moja ya mtaalamu wa kibinafsi inaweza kumeza kibarua chako cha siku kadhaa. Anzia kituo cha afya cha serikali, na uulize ofisi ya elimu kuhusu kituo cha kupima watoto, kile wanachokiita EARC. Taasisi ya KISE kule Kasarani pia hupima watoto. Shule ya msingi ya City, Ngara, ni ya serikali na ina kitengo cha watoto wenye usonji. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa mwaka 2003, na nyuma yake kulikuwa na wazazi kama wewe.

Kanisa nalo nina neno nalo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi na walezi: vikao tisa vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara tatu. Yamejaribiwa hapa Kenya na Ethiopia, na anayeyaongoza si lazima awe daktari, mradi amefunzwa. Ukumbi wetu unakaa na kufuli Jumatatu hadi Ijumaa! Tunafanya harambee ya harusi, tunafanya ya mazishi, lakini mama anabeba mtoto matatu mbili kwenda na mbili kurudi, mtoto amelala chini kwenye steji kwa sababu ya honi, makanga anamfokea, na hakuna ndugu hata mmoja aliyemsindikiza. Miaka ya kwanza ndiyo ubongo hujifunza kwa kasi, na miaka hiyo haingojei kesha lijalo.

Nitaendelea kumwekea mtoto wako mikono kila Jumapili. Jumatatu nataka kusikia mmepanga siku ya kwenda kupimwa. Idara ya akina mama, tafuteni wawili wa kumsindikiza. Mwenye kutoa nauli aongee na mweka hazina. Na wewe mzazi, niandikie kwa faragha, usiweke jina wala picha ya mtoto hapa chini.