Samaki Kumi na Wawili Katika Tangi Moja



Mama mmoja msomaji wetu ametuletea swali tuliloona lina manufaa kwa nyumba nyingi. Mumewe alinunua tangi la kioo la urefu wa mita moja na nusu. Likajazwa maji Ijumaa, na Jumamosi watoto wakachagua dukani samaki kumi na wawili kwa kutazama rangi tu. Wiki mbili hazijatimia, saba wamekufa, wengine mapezi yamenyofolewa, na bintiye wa miaka sita hataki tena kupita ukumbini. Anauliza: je, tumepata dhambi? Na je, wako samaki wa rangi wakaao pamoja kwa amani?

Kufuga kiumbe kwa furaha ya macho kunajuzu. Wanavyuoni wametoa dalili katika kisa cha Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na ndege wake mdogo, naye Mtume (S.A.W.) akamtania kwa ajili ya ndege huyo wala hakumkataza. Lakini kipo pia kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Samaki aliye ndani ya kioo hana pa kukimbilia. Asiyejua ana udhuru. Akishajua, udhuru umekwisha. Basi na tujifunze.

Samaki hao ni jamaa ya ngege na perege tuwalao, jamii iitwayo siklidi. Wengi wa rangi kali asili yao ni Ziwa Nyasa, lililo baina ya Tanzania, Malawi na Msumbiji. Wale wakaao miambani huitwa mbuna. Mbuna hula ukoga uotao juu ya mawe, na kila dume hushika pango lake na kulilinda. Ziwani aliyeshindwa hukimbia. Tangini hukutana na kioo.

Mama huyu ametueleza watano waliosalia. Mmoja ni wa manjano ya dhahabu mwenye milia myeusi, naye ndiye aliyenenepa. Huyo ni auratus. Angali mdogo huvutia kila mnunuzi. Dume akikua hugeuka mweusi, na ukali wake hauna mpaka. Arudishwe dukani. Wawili ni wa jamii ya Aulonocara, wapole, wawindao vijidudu mchangani. Nao hawawezi fujo ya mbuna, watafutiwe tangi jingine. Wawili wa mwisho ni wa njano tupu, ambao wauzaji huwaita Yellow Lab. Hao ni katika mbuna wapole kabisa, wabaki.

Kanuni tunayoishika ni ziwa moja, chakula kimoja, na tabia zinazokaribiana. Kwa tangi la ukubwa huo, lishikalo kama lita mia nne, tungechagua Yellow Lab wanane, Acei wanane ambao ni wa zambarau wenye mkia wa njano, na Rusty wanane wa rangi ya kutu. Dume humwandama zaidi anayefanana naye, ndiyo maana tumetenganisha rangi. Wanunuliwe wadogo, na wakikua, madume ya ziada yaondolewe hadi kila dume awe na majike watatu au zaidi.

Mawe yapangwe kwa wingi, yakae juu ya sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga, kwani mbuna huchimba na jiwe lililokalia mchanga huanguka. Maji magumu yaachayo ukoko kwenye birika zetu za chai, wao huyapenda, mradi yasiwe ya chumvi. Ya mfereji yatolewe klorini kwanza.

Tunadhani haraka ya Ijumaa na Jumamosi nayo imeua. Tangi jipya halina bado bakteria wa kuondoa sumu ya amonia itokayo kwenye kinyesi, nao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Asiongezwe samaki hata mmoja mpaka maji yapimwe, amonia na nitriti zisionekane. Baadaye robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Na zile nyama za ng'ombe walizoshauriwa kuwapa ziachwe, kwani tumbo la mla ukoga huvimba nazo. Wapewe chakula cha mimea, kidogo kidogo.

Kuna jambo ambalo binti huyu atapenda kulingojea. Jike la mbuna hukusanya mayai yake kinywani na kuyalea humo kama majuma matatu, huku akila kidogo sana au asile kabisa, mpaka vitoto vitoke vikiogelea. Tulipoliona hilo mara ya kwanza kwa ndugu mmoja, tulinyamaza kitambo. Mama aketi na binti jioni mbele ya tangi, amwonyeshe wale wawili wa njano waliopona, na amwambie wenzao sita watakuja, lakini si wiki hii.

Wabillahi tawfiq.