Mkono wa Mvuvi Wahitaji Seremala

Mwezi huu hatutazungumzia malaria wala kichocho. Tungependa kuzungumzia kifundo cha mkono cha mvuvi, na ule mti mrefu wenye mshipi na ndoano anaoushika kutwa nzima juu ya mawe.

Katika vijiji vya mwambao wa ziwa letu, tangu Igombe na Kayenze hadi ng'ambo Ukerewe, wapo wengi wasio na mtumbwi wala nyavu. Ni wazee walioacha kwenda majini usiku, vijana wasio na mtaji, hata watoto baada ya masomo. Hao huvua sato kwa fimbo ya ndoano. Wavuvi wanapotajwa hao aghalabu husahauliwa, kumbe ndio waletao kitoweo katika nyumba nyingi.

Hospitalini kwetu huja wakiwa wamefunga mkono kitambaa. Kano zinazopita kwenye kifundo zimevimba, kidole gumba hakikunjiki, na wengine vidole hufa ganzi usiku. Dawa ya kwanza ni kupumzisha mkono. Huwa twaiagiza, nasi twajua haitafuatwa. Mzee mmoja alituuliza, "Sista, mkono ukipumzika, wajukuu watakula nini?" Hatukuwa na jibu. Tulimpa vidonge vya siku tano.

Miezi michache baadaye aliletwa akitapika damu. Vidonge vyetu vilipokwisha alikuwa akijinunulia diklofenaki dukani, akimeza alfajiri na tumbo tupu, kila siku aendayo ziwani. Dawa hiyo ikitumika namna hiyo huchubua tumbo, na huweza kuharibu figo. Aliongezewa damu, akapona. Lakini tangu siku ile, sisi wa wodi ile tuna maoni kwamba ugonjwa huu hautamalizwa na vidonge. Vidonge hunyamazisha mkono tu, na mti ule ule unaendelea kuuumiza. Anayehitajika hapa ni seremala.

Jaribuni jambo hili nyumbani. Shika jembe kwa mkono mmoja mwishoni mwa mpini, ulinyooshe mbele yako. Hutahesabu hata hamsini kabla kifundo hakijaanza kuuma. Sasa sogeza mkono mbele kidogo, na ncha ya mpini iingie chini ya kigasha, karibu na kiwiko. Jembe ni lile lile, lakini kifundo kimepumua, kwa sababu uzito umepokelewa na mkono mzima.

Fimbo ya ndoano ni hivyo hivyo, tena ni ndefu zaidi. Tuseme imetokeza mita 3 mbele ya mkono wa kwanza, na samaki anavuta kwa nguvu ya kilo 1 tu. Ikiwa mkono wa pili umeshika sentimita 30 nyuma ya ule wa kwanza, mkono wa mbele hubeba kilo 11, na wa nyuma husukuma chini kwa kilo 10. Ukirefusha kishikio, nafasi kati ya mikono ikawa sentimita 60, mzigo hushuka hadi kilo 6 na kilo 5. Mwenye kutumia mkono mmoja ndiye aumiaye kuliko wote, kwani kifundo chake kinabeba kazi yote peke yake.

Jibu tulilipata katika chumba cha mazoezi ya viungo. Lipo lile gongo fupi lenye bangili inayokumbatia mkono chini ya kiwiko, ambalo wagonjwa hutembelea. Tulimwomba seremala wetu atengeneze kitu kama hicho kwenye fimbo ya yule mzee: kipande cha mbao laini cha kulaza kigasha, kikafungwa nyuma ya kishikio, na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Mahali pa kushika tulipazungushia mpira huo huo hadi pakanenepa kiasi cha sentimita 4, maana mti mwembamba hulazimisha vidole kubana mno. Hatukutumia kitu chochote cha kununua.

Hatudai kwamba tumegundua jambo jipya duniani. Ulaya na Marekani vishikio vya kulaza mkono hutengenezwa kwa ajili ya watu wenye baridi yabisi. Wale wavuao samaki wakubwa baharini kwa starehe hufunga mkanda kiunoni wenye kikombe cha kuegeshea fimbo, ili mgongo na miguu isaidie. Ajabu ni kwamba avuaye kwa kujifurahisha ana mkanda, na avuaye kwa ajili ya ugali ana kitambaa tu.

Wapo watakaosema babu zetu walivua hivi hivi. Ni kweli, na wengi wao walizeeka na vidole vilivyopinda. Isitoshe, mbona mengine tumeyabadili? Nyavu za pamba ziliachwa kwa ajili ya nailoni, na sehemu nyingi karabai za dagaa zimezipisha taa za betri na za jua. Fimbo imebaki nyuma kwa kuwa mwenye kuitumia ni maskini na hana wa kumsemea. Kwa maoni yetu, Chuo cha Uvuvi pale Nyegezi, VETA na SIDO hapa Mwanza wangeweza kuwapa wanafunzi kazi hii, mradi wakae kwanza juu ya mawe na wavuvi wenyewe. Sisi wauguzi tunaujua mkono, lakini upepo wa ziwa hatuujui.

Hilo tulilithibitisha wenyewe. Ukanda wa kwanza tuliufunga fundo. Mzee aliutazama akacheka, akatuuliza kama tunataka sangara amtie majini pamoja na fimbo. Sangara mkubwa huweza kupita kilo 100. Basi wenye kujaribu, ukanda usifungwe: uwe kitanzi kilicholegea, ambacho mkono huchomoka mara moja. Yule mzee aliikata pia fimbo yenyewe kwa urefu wa shubiri mbili. Amerudi kliniki mara moja tu tangu hapo, akimsindikiza jirani yake mwenye kidole gumba kilichovimba.