Joto Hili Limekwisha Kulipiwa

Umeme unaoingia katika kituo cha data haupotei. Ukishapita ndani ya seva, karibu wote hugeuka joto. Mwenye kituo, ambaye amekwisha kuulipia, hulipia tena umeme wa feni na viyoyozi ili alitoe joto hilo nje likapotelee hewani. Huo ni ubadhirifu, wala hauna jina jingine.

Tazameni walivyofanya watu wa Odense, huko Denmark. Kampuni ya Meta ina kituo chake hapo. Hewa inayotoka kwenye seva zake ni ya uvuguvugu tu, haitoshi kupasha nyumba wakati wa baridi. Lakini hewa ile hupasha maji, na maji hupelekwa kwenye pampu za joto za Fjernvarme Fyn, shirika linalosambaza joto mjini. Pampu hutumia umeme kidogo kuyapandisha joto, kisha yanapita katika mabomba hadi kwenye maelfu ya nyumba. Mabomba yenyewe yalikuwa yamekwisha kulazwa ardhini zamani. Hilo ndilo lililorahisisha kazi.

Wanaopinga husema gharama ni kubwa, na kweli wanayo hoja. Joto halisafiri mbali, na kiangazi wanunuzi huwa wachache. Kituo kikishajengwa porini, hakuna wa kukihamisha. Basi jambo hili liamuliwe kabla msingi haujachimbwa! Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2023 iliagiza kwamba vituo vikubwa vipya vitakavyoanza kazi kuanzia Julai 2026 vitumie tena angalau asilimia 10 ya nishati yake, na vya kuanzia Julai 2028 asilimia 20. Mali bila daftari huisha bila habari; Wajerumani wameamua kulitia joto daftarini.

Tusiseme kwamba jambo hili halituhusu sisi wa nchi za jua. Kule Naivasha, shamba la maua la Oserian lilipata kupasha vitalu nyumba vyake usiku kwa joto la mvuke wa ardhini, ili unyevu upungue na ukungu usishambulie maua. Kazi ya joto ipo hata kwetu.

Enyi mnaotoa vibali Nairobi na Dar es Salaam, kabla ya kutia saini mwulizeni mjenzi: joto hili litamfaa nani? Asipokuwa na jibu, mrudishieni ramani yake.