Jina Lililokatwa kwa Wino Mwekundu

Msomaji, katika mji wetu wa Maua, chini ya vilima vya Nyambene, mtu hupimwa kwa shamba lake la miraa, kwa jina la baba yake, na kwa desturi alizozishika. Sina ugomvi na vipimo hivyo. Ugomvi wangu ni na kipimo cha nne, ambacho hakikuandikwa popote, walakini hutumika kila siku sokoni, kanisani na darasani: kwamba mtu hana ruhusa ya kuijua nafsi yake ila kwa namna ambayo wengine wamekwisha kuamua.

Nanena habari za watu ambao nafsi zao hazipatani na jinsia waliyoandikiwa siku walipozaliwa. Mmoja aliandikwa mwana wa kiume, naye tangu utoto hujiona mwanamke. Mwingine ni kinyume chake. Huitwa transijenda. Mitaani huitwa majina ambayo sitayaandika katika kitabu cha shule. Wasichanganywe na mahuntha, ambao maumbile ya miili yao yenyewe hayakuelemea upande mmoja. Hao walihesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, wakapatikana 1,524. Hawa ninaowanena hawakuwekewa hata safu katika karatasi za sensa ile.

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana mwalimu akemeaye wengine hana budi kujikemea kwanza. Mwaka 2019, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, nilifundisha katika shule ya kutwa ya wavulana na wasichana. Siku moja mwanafunzi alileta insha, na juu yake ameandika jina ambalo halikuwamo katika orodha yangu. Nikalisoma kwa sauti. Darasa likaangua kicheko. Mimi nikatabasamu pamoja nao, kisha nikalikata jina lile kwa wino mwekundu, nikaandika la orodha. Insha yenyewe ilikuwa bora kupita zote, nami niliipa alama 17 juu ya 20, nikadhani nimetenda haki.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi uleule ndege za miraa ziendazo Somalia zilikoma, na soko lile halikufunguliwa tena hata Julai 2022. Fedha zilikauka katika nyumba nyingi za Igembe. Januari 2021 wanafunzi waliporudi shuleni, yule wa insha hakurudi. Niliambiwa kwamba kwao chakula kilipungua, na wakubwa wakasema aliye aibu ya nyumba aende akajitafutie.

Angalia jambo moja, msomaji. Nimekusimulia habari za mwanafunzi huyu, na hata sasa hujui kama katika orodha yangu aliandikwa mvulana au msichana. Kiswahili hakikunilazimisha kukuambia. Alikuja, alicheka, alifukuzwa: neno ni moja kwa wote. Kimeru nacho ni hivyo hivyo. Lugha za mababu zetu zimeweza kumtaja mtu, kumsifu, kumlaumu na kumlilia bila kuuliza kwanza swali hili, nasi tunalifanya kuwa swali la kwanza!

Wako wasemao kwamba jambo hili ni geni, limeletwa na Wazungu. Kwa mwenye masikio mepesi hoja hii ina nguvu. Lakini Wameru walikuwa na kiongozi aitwaye Mugwe, na uwezo wake wa kubariki ulikuwa katika mkono wake wa kushoto. Mkono ule ulifichwa, ukaheshimiwa, ukaogopwa. Halafu tukajenga shule, na walimu wakawachapa watoto walioandika kwa mkono wa kushoto, ili wawe kama wengine. Sisemi kwamba Mugwe alikuwa mmoja wa hawa ninaowatetea. Sina ushahidi huo. Nasema kwamba wazee wetu hawakuwa wepesi kama sisi wa kuita kila lisilo la kawaida laana. Kipi basi ni kigeni, ule mkono au ile fimbo?

Wengine husema ni wazimu. Hao wamechelewa. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha yake mpya ya maradhi mwaka 2019, ambayo ilianza kutumika 1 Januari 2022, liliiondoa hali hii katika fungu la maradhi ya akili. Ama dini, siijadili hapa. Ila sijapata kusikia dini iliyoagiza mtoto aondolewe mezani.

Hoja inayonikera zaidi ni ya wale wapole. Hawatukani. Husema, “Mwalimu, zama hizi ni ngumu. Watu hawana karo. Jambo hilo lingoje neema.” Waungwana hawa hawajui wasemalo. Dhiki inapoingia nyumbani haigawanywi sawa. Hutafuta kwanza yule ambaye kutoka kwake hakutalaumiwa na jirani. Mwaka wa neema mtoto wa namna hii huvumiliwa kama mgeni. Mwaka wa njaa hukumbushwa kwamba ni mgeni. Kumwambia angoje neema ni kumwambia aliye majini angoje mto ukauke.

Maua ingepaswa kulielewa jambo hili kuliko miji mingine. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, na mji huu ukaomboleza. Sibishani hapa juu ya miraa, faida yake au madhara yake. Nakumbusha tu malalamiko yetu ya siku zile: kwamba tumehukumiwa na watu wa mbali ambao hawakuja kutuuliza. Yalikuwa malalamiko makali. Mbona hatukuyasikia yaliporudi kwetu kutoka kinywa cha mtoto wetu?

Mwaka uleule wa 2014 lilitokea jambo jingine, na hili Maua haikulizungumza sana. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 katika shule ya Kiambu High School, akapata gredi ya A-, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Maseno. Cheti chake kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume, naye anaishi kama mwanamke. Msomaji anayejua thamani ya cheti katika nchi hii aelewe msiba wake: karatasi aliyoitolea jasho ndiyo iliyomfungia mlango wa kazi, maana aliyeisoma alimwona mtu mmoja, na alipoinua macho akamwona mwingine. Baraza la Mitihani lilikataa kuibadili. Akaenda Mahakama Kuu, Nairobi. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza libadili jina, na cheti kitolewe bila alama ya jinsia. Sababu aliyoitoa hata mtoto wa kidato cha kwanza angeifahamu: mtihani hautolewi kwa kufuata jinsia, wala alama hazigawiwi kwa jinsia. Miezi michache kabla ya hapo, Julai, Jaji George Odunga aliamuru kwamba chama cha Transgender Education and Advocacy, ambacho Audrey ni mmoja wa waliokiongoza, kiandikishwe kisheria.

Hesabu mwenyewe: kutoka 2001 hata 2014 ni miaka 13.

Na wewe uliyesoma hadi hapa kwa moyo unaodunda, kwa sababu habari hizi ni zako, sikudanganyi kwamba njia ni nyepesi. Mwaka 2019 mwanamke mmoja wa namna hii alikamatwa Eldoret na kuvuliwa nguo ili achunguzwe. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya mji huo ikasema haki zake zilivunjwa, ikampa fidia ya shilingi 1,000,000. Haki ilikuja, ila baada ya miaka sita. Kwa hiyo tumaini ninalokuambia si lile la kukaa ukingoje watu walainike. Kaa shuleni. Shika masomo yako kwa mikono miwili, wa kulia na wa kushoto. Mtafute mtu mzima mmoja ambaye si mwepesi wa kucheka, na umweleze. Mmoja anatosha kwa kuanzia. Huna deni la kujieleza kwa kila apitaye njiani. Ukifika miaka 18, sheria ya Kenya inakuruhusu kubadili jina kwa hati. Na usiku unapojiona umekosewa kuumbwa, jiulize ni nani aliyekuambia hivyo, na kama mtu huyo amewahi kukuuliza lolote.

Insha ile ninayo hata leo. Jina nililolikata linasomeka vizuri chini ya wino. Mwenyewe akija kuitaka nitampa. Na kabla sijampa nitaliandika upya jina lake juu ya ukurasa, kwa mkono wangu.