Jina Moja, Kadi Mbili

Mzazi anunuapo kitu ambacho hakijui undani wake, hutegemea mambo mawili: jina lililoandikwa juu ya boksi na maneno ya muuzaji. Juma hili napenda kueleza jinsi mambo hayo mawili yalivyoleta kutoelewana baina ya baba na binti yake katika mtaa ninaokaa, ili msomaji mwenye mtoto anayehitaji kompyuta apate la kujifunza.

Ndugu wawili wa baba mmoja, wote wafanyakazi wa kiwandani, walinunua kila mmoja kompyuta kuukuu ya ofisini kwa ajili ya mtoto wake. Binti wa kaka mkubwa anajifunza kuchora ramani za majumba, na kijana wa mdogo anajifunza kutengeneza picha za sinema. Mashine zilikuwa za namna moja, lakini zote hazikuwa na kadi ya picha, yaani kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta, ambacho kazi yake ni kukokotoa na kuchora yale yanayoonekana kwenye kioo.

Wazazi wakakubaliana kununua kadi ya aina moja, GeForce GT 1030 ya kampuni ya Nvidia ya Marekani. Uamuzi huo haukuwa mbaya. Kadi hiyo ni ndogo, bei yake si ya kutisha, na haihitaji waya wa ziada wa umeme; umeme wote huupata katika tundu inamochomekwa. Kila mmoja akanunua katika duka lake. Majina juu ya maboksi yalikuwa yale yale, na yote mawili yaliandikwa kwa herufi kubwa kuwa yana kumbukumbu ya gigabaiti 2. Bei zilipishana kidogo tu.

Haukupita muda mrefu, tofauti ikaonekana. Kwa kijana, nyumba iliyochorwa ilizunguka kiooni bila taabu. Kwa binti, nyumba ile ile ilikwenda kwa kushtuka-shtuka kama gari lenye mafuta machafu. Baba akahamaki.

"Mashine ya mwenzako inakwenda, ya kwako inatambaa. Umeijaza michezo hata umeiharibu!"

"Baba, sijaiharibu. Imekuwa hivi tangu siku ya kwanza," alijibu binti.

Hakusadikiwa. Kwa muda wa majuma mawili alikatazwa kuigusa kompyuta baada ya chakula cha jioni, na kazi zake za chuoni zikarudi nyuma. Aliyefumbua fumbo hilo ni yule kijana, aliyekuja siku ya Jumapili na kadi yake mkononi. "Baba mkubwa," alisema, "hebu tubadilishane kadi kwa saa moja tu, tuone." Wakabadilishana. Ile mashine iliyokuwa ikitambaa ikaanza kukimbia, na iliyokuwa ikikimbia ikaanza kutambaa. Kosa lilikuwa katika kadi, wala si kwa binti.

Ndugu msomaji, ukweli wenyewe ni huu. GT 1030 ya kwanza ilitoka mwaka 2017, ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye kumbukumbu ya DDR4, nayo ikauzwa kwa jina lile lile la GT 1030. Zote mbili zina vitengo 384 vya kukokotoa na gigabaiti 2 za kumbukumbu. Lakini kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha gigabaiti 48 za habari kwa sekunde moja, na ile ya DDR4 hupitisha gigabaiti 16.8 tu. Hiyo ni zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya kiasi hicho: gawa 48 kwa 16.8, utapata karibu 3.

Mfano wake ni wapishi wawili wenye ustadi sawa na masufuria sawa. Mmoja analetewa maji kwa ndoo, mwingine kwa kata. Huyu wa pili si mvivu; anangoja maji. Wapimaji walipozilinganisha kadi hizo mwaka 2018, katika michezo kadhaa ile ya DDR4 ilitoa karibu nusu tu ya picha ambazo mwenzake alitoa kwa sekunde.

Si haki, hata hivyo, kusema kuwa kadi ya DDR4 haifai kitu. Kwa mtu anayeandika barua, anayepiga mahesabu ya duka au kutazama sinema, hataona tofauti kubwa. Anayeumia ni yule anayechora vitu vyenye pande zote, au anayecheza michezo ya kompyuta. Wala jambo hili halikuanzia hapo. Mwaka 2016 kadi ya GTX 1060 iliuzwa kwa namna mbili, ya gigabaiti 6 na ya gigabaiti 3. Wengi walidhani tofauti ni kumbukumbu peke yake, kumbe ya kwanza ilikuwa na vitengo 1,280 vya kukokotoa na ya pili 1,152.

Yule baba alirudi dukani na stakabadhi yake. Muuzaji akaligeuza boksi na kumwonyesha ubavuni, kwa herufi ndogo: DDR4. Fedha haikurudi.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, aulize mtoto ataifanyia kompyuta kazi gani. Pili, asome ubavu wa boksi, wala asitosheke na jina na idadi ya gigabaiti. Tatu, ikiwa kadi ni ya mkono wa pili na haina boksi, aombe ichomekwe palepale dukani na kufunguliwa programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo huonyesha aina ya kumbukumbu na kasi yake. Nne, aina hiyo iandikwe katika stakabadhi. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Lakini hapa hapakuwa na rahisi wala ghali. Bei zilikaribiana, na aliyelipa zaidi ni binti aliyenyang'anywa majuma mawili ya masomo. Jioni ile baba yake alimwita mbele ya mama yake akamwambia, "Mwanangu, nilikulaumu bure." Fedha ya kununua kadi nyingine bado wanaidunduliza. Kwa sasa binti huchorea kwa baba yake mdogo, kila jioni baada ya chakula.